Mbuzi Aliyekula Telegramu

Naapa, na aliye karibu anishuhudie: haya nitakayoyaeleza ni kweli tupu, hayana chumvi wala ndimu. Kama nimeongeza hata punje, nywele zangu zote zing'oke, ingawa wanaonijua watasema kiapo hicho ni rahisi kwa mtu aliyebakiwa na nywele za kuhesabika. Mengine niliyaona kwa macho yangu. Ambayo sikuyaona niliyasikia kwa mhusika mwenyewe, mdomo wake na sikio langu.

Mhusika mwenyewe ni dobi, na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Dobi. Ana chumba cha mbele kinachotazama barabara. Ndani mna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili za umeme, na moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme umejiendea zake. Kila nguo inayoingia mle huishona alama ndani ya kola: uzi mwekundu ni wa muuguzi, wa kijani wa kinyozi, wa bluu mishono miwili wa karani wa benki. Hajawahi kupoteza hata soksi. Atakuambia shati lako lilikatika kifungo mwezi gani na ulikuwa umenenepa kiasi gani. Kwa mambo ya watu, ana kumbukumbu ya kutisha.

Siku hiyo simu ililia akiwa katikati ya suruali.

"Dada, nakuja Jumamosi," alisema mdogo wake wa kiume kutoka mbali huko.

Dobi akainua pasi. "Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Ila nina mtoto sasa, dada. Juzi wifi yako alikuwa anamwogesha huku anamhadithia habari za kwao. Bibi alikuwa hivi, babu alikuwa vile, jogoo wao alimfukuza mkaguzi wa shule. Halafu akanigeukia: haya, baba mtu, na wewe mwambie ya kwenu. Nikabaki nimetoa macho. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Wewe ulikuwa na minane, wewe ndiye uliyebaki na habari za mama na baba. Nakuja unipe."

Dobi alifungua mdomo aseme ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Hakukumbuka kitu. Wazazi wao walifariki katika msimu mmoja wa mvua, mmoja nyuma ya mwenzake. Ndugu wakawagawana watoto kama vyombo: msichana akachukuliwa na shangazi, mvulana akachukuliwa na mjomba, safari ya siku nzima kwa basi. Tangu hapo wamekutana misibani tu, mahali ambapo mtu hapati hata nafasi ya kukaa. Na kabla ya mlango wa nyumba ya shangazi, kichwani mwa Dobi palikuwa peupe kama shuka lililotoka kwenye dawa. Shangazi ndiye aliyejua yote. Alikuwa na kinywa kigumu kama kifuniko cha chupa, na miaka saba iliyopita alizikwa nacho kikiwa bado kimefungwa.

"Njoo," Dobi akasema. "Yapo mengi."

Akakata simu. Mlangoni alikuwa ameketi mama mkwe wake na kopo la vifungo mapajani, akivichambua kwa rangi.

"Yapo mengi?" mama mkwe akauliza.

"Mama, usianze."

"Mimi sijaanza. Miaka kumi na minne nakuuliza mama yako alikuwa mrefu au mfupi, unanijibu 'wa wastani'. Leo yapo mengi. Jumamosi nitakuja na kiti changu mapema, nipate mahali pazuri."

Mumewe, fundi bomba, aliporudi jioni na viatu vilivyojaa maji, alielezwa yote na pande zote mbili kwa wakati mmoja.

"Mwambie tu ukweli kwamba hukumbuki," akasema.

"Nimwambie amepanda basi kutwa nzima kuja kuchota kwenye bomba kavu?"

"Bomba likikauka tunatafuta lilipoziba." Akaja karibu, akamgonga mkewe utosini kwa kidole, taratibu, huku ametega sikio. "Ahaa. Hapa mlio ni wa utupu."

Alirushiwa kitambaa kibichi, kikampata.

*

Ilikuwa Jumatatu. Siku zile Dobi alizitumia kujitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo, anapapasa kila mahali mpaka pale ambapo haukuwahi kukaa.

Mama mkwe alisema harufu ndiyo dawa. Basi akanunuliwa mche wa sabuni ya zamani, ile ngumu ya manjano, akaunusa asubuhi, mchana na jioni. Alichokumbuka ni kwamba sabuni ile humpigisha chafya. Mama mkwe akabadilisha matibabu.

"Kula ulichokuwa unakula utotoni."

"Nilikuwa nakula nini?"

"Si ndiyo ukumbuke!"

Jumanne muuguzi wa zahanati alileta sare zake. Dobi akamuuliza kwa mzunguko, eti kuna rafiki yake mmoja ana tatizo hili. Muuguzi hakuuliza rafiki ni nani. Alivuta kiti.

"Mwambie huyo rafiki yako huo si ugonjwa wala si ujinga. Mtoto akipatwa na makubwa, kichwa chake wakati mwingine kinafunga mlango ili yeye aweze kuendelea kukua. Mlango huo unaweza kufunguka, na unaweza usifunguke. Asiupige mateke."

"Na akiwa na haraka?"

"Ndiyo mbaya zaidi. Awe mwangalifu na watu wa kumsaidia kukumbuka. Mtu akisimuliwa jambo mara tatu, mara ya nne analiona kwa macho yake, na hapo huwezi tena kumwambia halikuwepo."

Dobi aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, huku akihesabu siku zilizobaki kufika Jumamosi.

*

Sasa hapa anaingia mstaafu mmoja wa posta, mtu wa heshima zake, mcheshi, na kwa umri wake ana sura ya kuridhisha kabisa. Watu humwita Mzee Stempu. Wapo wanaosema mzee huyu akikuambia nje kuna mvua, utoe mkono kwanza uguse. Lakini mtaani wivu haukosekani.

Alikuja Jumanne hiyo hiyo jioni kuchukua mashati yake mawili.

"Mzee," Dobi akamwambia, "wewe umekaa posta miaka mingi. Uliwahi kufika mtaa wa nyuma ya kiwanda cha ngozi?"

Mzee Stempu akavua kofia, akaiweka juu ya meza. "Nyuma ya kiwanda cha ngozi? Mwanangu, viatu vyangu vitatu vimeishia pale."

"Vitatu?" mama mkwe akauliza kutoka mlangoni.

"Cha nne kilichukuliwa na mbwa."

"Baba yangu alikuwa mpakiaji hapo kiwandani," akasema Dobi. Hilo ndilo pekee shangazi aliloliacha lidondoke.

"Mpakiaji! Mrefu?"

"Sijui."

"Mrefu," Mzee akaamua. "Alikuwa na baiskeli nyeusi. Na nyuma, penye kiti, alikuwa anapakia mbuzi. Mbuzi mwenye pembe moja. Alikuwa anakaa kama abiria aliyelipa nauli. Siku moja nimeleta telegramu pale. Kabla sijamkabidhi baba yako, mbuzi kaichukua mkononi mwangu, katafuna, kameza. Baba yako akaniuliza: ilisemaje? Nikamwambia, bwana, sheria ya posta hairuhusu kusoma. Basi tukakaa pale wanaume wawili tukimtazama mbuzi, labda atasema yeye."

Mama mkwe akacheka mpaka vifungo vikamwagika. Dobi hakucheka. Alikuwa ameshika pasi hewani.

"Na mama?" akauliza, na sauti ilikuwa ndogo. "Mama alikuwepo?"

"Kama alikuwepo! Yeye ndiye aliyecheka mpaka akakaa chini. Kicheko cha mama yako ulikuwa ukikisikia kona ile, mpaka unafika kona hii na wewe unacheka, hujui unacheka nini."

"Na mimi, mzee?"

Mtu yeyote ambaye angeuona uso ule wakati ule angempa tembo, sembuse mbuzi. "Na wewe ulikuwepo," akasema Mzee Stempu. "Umembeba mdogo wako mgongoni, umeshika mkia wa mbuzi."

Dobi alimkunjia mashati yake kwa karatasi mpya na akakataa malipo. Jumatano mzee akarudi na suruali mbili, na habari ya siku baba alipoimba getini mpaka meneja akatoka. Jumatano hiyo hiyo jioni akaleta mapazia. Alhamisi asubuhi alileta koti zito, na jua lilikuwa linapasua mawe.

"Koti la nini na joto hili?" mama mkwe akauliza.

"Najiandaa," akasema Mzee. Na akakaa.

*

Alhamisi mchana Dobi alikuwa na shati jeupe la karani wa benki. Aliweka pasi katikati ya mgongo, na hapo hapo akamwona. Alimwona mbuzi kabisa, juu ya baiskeli, amegeuza shingo, na pembe yake moja ilikuwa ya kushoto. Mzee hakusema pembe ilikuwa upande gani! Dobi moyo ukamruka. Alisimama na furaha yake mpaka harufu ilipomwamsha, na mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya pasi, kahawia, nzuri, yenye ncha yake.

Karani wa benki alilifungua shati lile mbele ya wateja wanne.

"Mama, nivae hili nikae dirishani nihesabie watu fedha? Si wataniuliza nimepigwa na nani?"

"Samahani sana, baba. Nitalilipa."

"Najua utalilipa. Nataka kusikia limeunguaje."

Angesema nini? Kwamba alikuwa anamtazama mbuzi? "Kwa uzembe," akasema.

"Sijasikia."

"Kwa uzembe wangu."

Wateja wakatazama dari. Fedha alizolipia shati ndizo alizokuwa amezitenga kununua godoro la mgeni, kwa hiyo mgeni sasa angelala chumba cha nyuma, kwenye godoro jembamba la kulalia mchana. Usiku ule mumewe hakumgombeza. Alisema tu, "Mke wangu, nimeoa mwanamke asiye na utoto, nikaridhika. Sasa naona kidogo kidogo naingiliwa na mbuzi."

"Ni kumbukumbu inarudi."

"Inarudi, au inaletwa na mtu anayekuja na mapazia?"

Dobi akageukia ukutani. Alikuwa amelisikia swali hilo tangu mchana, ila alikuwa ameliwekea kitu juu.

*

Mdogo wake alifika Jumamosi mchana, fundi lifti, mtu mwenye mabega ya kuziba mlango. Dobi alikuwa anamngojea yule mwembamba wa misibani, akabaki amesimama na mikono imelowa. Wakakumbatiana kwa namna ya watu wasiojua ni nani amwachie mwenzake kwanza.

"Shemeji, karibu," akasema fundi bomba. "Leta mizigo. Ukiona sakafu ina maji usishangae, nyumba ya fundi bomba ndiyo inayovuja."

"Na kwetu umeme wa ngazini haujawahi kuwaka," akajibu mgeni, na tangu hapo wanaume hao wawili wakapatana.

Walikula wali na kuku. Mzee Stempu alikuwa amealikwa kama shahidi, amevaa shati lililonyooka bure. Mama mkwe alikuwa amekuja na kiti chake. Mgeni akaweka simu katikati ya sahani, akaiwasha irekodi.

"Ya mtoto," akasema. "Akikua asikie sauti ya shangazi yake. Haya, dada. Anza popote."

Dobi akaanza. Mwanzoni sauti ilitetemeka. Kisha ikashika njia, kwa sababu alikuwa ameyasema moyoni juma zima. Akaeleza baiskeli nyeusi, akaeleza pembe ya kushoto. Alipofika kwenye telegramu mdogo wake alikuwa anapiga meza kwa kiganja, machozi yanamtoka.

"Na mama?" akauliza. Swali lile lile, kwa sauti ile ile.

"Mama alicheka mpaka akakaa chini."

Fundi lifti akafunika macho kwa mkono. "Alicheka," akasema peke yake. "Mimi siku zote nilikuwa namfikiria anaumwa."

Hapo ndipo mtu mwenye busara angenyamaza. Lakini Mzee Stempu alikuwa amekaa kimya muda mrefu kuliko alivyozoea. "Na kengele!" akasema. "Dada yako hakukwambia kengele. Yule mbuzi ndiye aliyekuwa anapiga kengele ya baiskeli, kwa kwato!"

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama mlangoni na taulo zake za kufuliwa mabegani. Kijana mpole, naye kalelewa na watu baki tangu mdogo. Alikuwa amesikiliza kwa muda, kichwa upande.

"Samahani," akasema. "Mbuzi wa pembe moja?"

"Ndiyo," akasema mgeni akicheka bado. "Karibu, karibu."

"Aliyekula telegramu?"

"Huyo huyo! Unamjua?"

"Namjua," akasema kinyozi, na hakuwa anatania. "Huyo mbuzi ni wetu. Mzee aliniambia mwaka juzi. Alikuwa wa marehemu baba."

Watu wote wakamgeukia Mzee Stempu.

"Mbuzi," akasema Mzee, "wakati ule walikuwa wanahama sana."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe ambaye angeweza kucheka alikuwa anamtazama mkwe wake, na hakucheka yeye pia. Fundi lifti akanyoosha mkono, akazima simu. Kinyozi bado alikuwa amesimama pale na taulo zake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia kuuliza saa akaambiwa nyumba yake imeungua.

"Baba yangu hakuwa na mbuzi?" akamuuliza Mzee.

Mzee alitazama kofia yake.

Dobi akasimama. Akaanza kukusanya sahani, hata ambazo zilikuwa na chakula. "Sikumbuki kitu," akasema, akiziambia sahani. "Sikumbuki baba, sikumbuki mama. Wewe pia sikukumbuki. Nilikudanganya kwenye simu na nimekudanganya mezani. Nilitaka usirudi mikono mitupu."

"Nimetoka alfajiri," akasema mdogo wake. "Naomba nijinyooshe."

Akaenda chumba cha nyuma.

*

Saa nzima Dobi aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mama mkwe alikaa karibu naye akivikausha, asiseme neno, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Kisha Dobi akachukua glasi ya maji, akaenda kuomba radhi upya, na akasimama mlangoni pa chumba cha nyuma.

Mdogo wake alikuwa amelala chali juu ya godoro lile jembamba. Miguu pamoja, mikono ubavuni, kidevu juu. Lile jitu lote lilikuwa limenyooka kama mstari wa suruali.

Mama mkwe akachungulia juu ya bega lake. "Huyu amelala au amelazwa?" akanong'ona.

"Bomba la inchi sita," akanong'ona mwanawe aliyekuwa nyuma yao.

Fundi lifti akafungua jicho moja. "Sijalala. Nawasikia."

"Mbona unalala hivyo?" Dobi akamuuliza. "Godoro linakuumiza? Nilitaka kununua jingine, likatokea jambo."

"Mimi ndivyo ninavyolala. Wifi yako kila siku ananicheka, eti ameolewa na ubao." Akainuka kwa kiwiko, akamtazama. "Si wewe ndiye uliyenifundisha?"

"Mimi?"

"Dada. Kaptula ya shule."

Dobi alikaa sakafuni, na glasi bado iko mkononi.

"Hatukuwa na pasi," akasema mdogo wake. "Ulikuwa unaifua kaptula yangu, ikikauka unaikunja kufuata mstari, unaitia chini ya godoro, halafu unanilaza juu yake. Unaniambia nisijigeuze. Nikijigeuza itapata mistari miwili na mwalimu atajua kwetu hakuna mtu. Ulikuwa unalala umenishika hapa, kwenye kifundo cha mkono, ili nikisogea uamke. Mjomba aliponichukua nikaendelea. Kule walikuwa na pasi, lakini mimi nililala hivyo hivyo. Nilijua utakuja, na sikutaka unikute nina mikunjo."

Mumewe Dobi alijikohoza, akaenda kuangalia bomba lisilokuwa na tatizo.

Dobi alifumba macho. Aliitafuta kaptula. Alitafuta godoro, chumba, kifundo kidogo cha mkono. Alipapasa weupe ule kutoka pembe hii hadi pembe ile, na hakikuja kitu, hata kivuli.

"Siioni," akasema, na sasa alikuwa analia. "Unaniambia, nasikia, lakini siioni."

"Basi."

"Kaptula ilikuwa rangi gani?"

Mdogo wake akafikiri. "Sijui."

"Godoro lilikuwa la nini? La sufi? La majani?"

"Sijui, dada. Lilikuwa linakwaruza."

"Mama alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa hai bado?"

"Sijui. Nadhani alikuwa chumba cha pili, anaumwa. Au alikuwa ameshafariki. Mama simkumbuki kabisa. Nakukumbuka wewe tu."

Dobi akafungua macho. Juma zima alikuwa ameuliza, na kila alipouliza alijibiwa: mrefu, nyeusi, kwa kwato. Hakuna swali lililomshinda Mzee Stempu. Na huyu hapa, maswali matatu, yote matatu hajui. Alimtazama mdogo wake jinsi alivyokunja uso akitafuta rangi ya kaptula na kuikosa, na moyo wake ukatulia mahali pake, kwa sababu alijua kwamba hili lilikuwa limetokea.

"Kwa hiyo nilikuwa dobi tangu wakati ule," akasema.

"Hukuwahi kuwa kitu kingine."

"Na nilikuwa mkali?"

"Hee! Ulinifinya."

"Wapi?"

"Hapo nakumbuka vizuri sana," akasema fundi lifti, akashika sikio la kushoto, na mama mkwe akaangua kicheko alichokuwa amekibana tangu mchana.

Kesho yake kabla ya basi waliwasha tena ile simu. Safari hii aliyesimulia ni mdogo mtu, na kila alipofika pasipojulikana alisema sijui na kuendelea, na Dobi aliingia mara moja tu, mwishoni, kumwambia mtoto kwamba shangazi yake anakuja kumwona, na kwamba baba yake asiruhusiwe kumpigia pasi nguo, maana wanaume hawajui kola.

*

Hapo nilitaka kumalizia, na nakiri ni mahali pazuri pa kumalizia. Lakini nimesomewa kesi.

Jumatatu asubuhi Mzee Stempu aliitwa. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake. Kinyozi naye aliitwa, maana yeye aliporwa baba mwenye mbuzi akaachiwa baba asiyejulikana, na hilo si dogo. Alimwomba Mzee jambo moja tu: amwambie kama kuna lolote la kweli. Mzee akasema hapana, na neno lile fupi lilimchosha kuliko kubeba magunia. Halafu wakamwonyesha karai. Ni lile kubwa la nyuma ya nyumba, na ndani yake mlikuwa na mablanketi ya nyumba ya wageni, sita, mazito, yanayofuliwa kwa kukanyagwa.

"Mashati mawili, suruali mbili, mapazia na koti," akasema Dobi. "Kunja suruali uingie."

"Mwanangu, umri huu?"

"Ulipokuwa unapanda na kushuka nyuma ya kiwanda cha ngozi hukuwa na umri?"

Akaingia. Na ndani ya karai lile, maji yamefika magotini, Dobi akiwa amesimama pembeni na mche wa sabuni, ndipo Mzee alipopata habari hizi zote: kaptula, godoro, mambo ya chumba cha nyuma ambayo mtu wa nje asingeyajua. Alielezwa kwa sharti kwamba akiyasimulia popote asiongeze, na aseme mzee wa posta ni nani.

Nilitarajia mngesahau kuuliza. Haya basi. Ni mimi. Na ile sifa ya sura ya kuridhisha, Dobi amesema niifute, nami nimekataa, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu akiyakanusha hatabakiwa na kitu.

"Na viatu vitatu?" akaniuliza siku ile, mimi nikiwa kwenye blanketi la pili, pumzi zinanitoka. "Uliwahi kufika ule mtaa, hata siku moja?"

Nilikuwa mtu wa dirishani. Nilipiga mihuri miaka thelathini bila kutoka nje, nikisoma majina ya mitaa kwenye bahasha na kuwazia nani anakaa huko. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini povu lilikuwa zuri, jua lilikuwa jepesi, kinyozi alikuwa amesogea asikilize, na ulimi wangu, mnaujua.

"Kufika sikufika," nikasema. "Ila siku moja kuna barua ilitoka kule, na bahasha ilikuwa inatoa mlio wa—"

"Kanyaga," akasema Dobi.

Nikakanyaga.